Namna ya Kuwa Mwandishi Meru Bila Kuumia Sana

Mwongozo huu ni wa yule abiria aliyeketi dirishani kwenye matatu ya Embu kwenda Meru. Gari limepita Runyenjes, limeshuka na kupanda bonde la Thuci, na mahali fulani kabla ya Chuka abiria huyo ameshusha pumzi na kusema, kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wa kiti cha pili: "Mambo niliyopitia mimi, yakiandikwa, ni kitabu kizima." Jirani akaitikia kwa adabu, "Kweli kabisa." Hatari ilianzia hapo. Jirani alikuwa anamliwaza tu msafiri mwenzake. Hakuwa anaagiza nakala.

Mimi si mwandishi wa kutajwa. Ni mwalimu wa Kiswahili, na huku kwetu mwalimu wa Kiswahili huletewa miswada kama daktari wa mifugo anavyoletewa mbuzi: bila miadi, na kwa imani kwamba hatalipisha. Imenijia katika bahasha za kaki, katika mifuko ya unga, hata kwa simu. ("Mwalimu, nimekutumia WhatsApp. Si ndefu, ni kurasa mia mbili tu.") Kwa kuwa nimesoma ya watu wengi na kulipwa chai, naona nina haki ya kuelekeza.

Jiulize kwanza ni nani aliyekukosea

Siku ya uzinduzi utasema uliandika kwa sababu Mungu alikujalia kipaji. Sema hivyo, ni vizuri, wachungaji watapiga makofi. Lakini hapa tuko wawili, na ukweli ni kwamba miswada mingi ya Meru huanza na shamba.

Huwa hivi. Ardhi ilipopimwa, babu aligawia wanawe, na baba mdogo akasogeza mpaka. Kesi ikaenda kwa kamati, kwa chifu, kwa wazee wa Njuri Ncheke, kortini. Kortini ikaahirishwa. Faili likapotea, likapatikana, likapotea tena, na mzee akafa akiwa bado anangoja tarehe. Mwanawe, ambaye sasa ni mwalimu mstaafu au karani, anatazama huku na huku na kugundua kwamba imebaki mahakama moja tu ambayo haijawahi kuisikia kesi hiyo: wasomaji. Ananunua rimu ya karatasi.

Mswada mmoja wa namna hiyo uliniletea taabu ya kupendeza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sala. Ukurasa wa tatu baba mdogo alikuwa tayari yuko shambani usiku na panga, aking'oa miti ya mpaka huku akiimba wimbo wa kanisani ili akikutwa aonekane anatoka kesha. Mwandishi aliijua ile ardhi jiwe kwa jiwe. Alikumbuka koti alilovaa baba mdogo, kifungo kilichokosekana, na jinsi alivyokuwa mtu wa kwanza kufika matangani na chakula, kila mara, hata kwenye matanga ya watu aliowadhulumu. Hasa ya watu aliowadhulumu. Niliposoma nilicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Mwandishi aliporudi nilimwambia, "Mzee, huyu baba yako mdogo ndiye mhusika bora niliyemsoma mwaka huu. Mwongezee nafasi."

Alinitazama muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma kesi yetu na ukapenda mshtakiwa?" Akachukua bahasha yake, akaenda zake.

Basi hiyo ndiyo tahadhari ya kwanza, na naiona kubwa kuliko zote. Kukosewa ni mtaji mzuri sana wa kuandikia. Hukupa macho makali na kumbukumbu isiyolala. Lakini anayeandika ili ashinde kesi atafute wakili. Msomaji hajaapishwa. Anaweza kumpenda aliyekuibia, na kama umeandika vizuri, atampenda. Huyo mzee alikuwa mwandishi wa kweli kwa kurasa 180 bila kujijua, na nilipomwambia, akaona ni tusi.

Sababu nyingine za kuandika nitazipitia mbiombio. Yuko aliyesifiwa insha yake darasa la sita na hajawahi kusifiwa tena tangu hapo. Yuko chifu mstaafu anayeogopa kwamba akifa tutamkumbuka kwa msako wa pombe haramu peke yake. Yuko kijana aliyeachwa na msichana wa Nkubu. Huyu humaliza upesi, kwa kawaida kabla ya msichana kuolewa. Na yupo anayetaka kuitwa.

Huyu wa mwisho nina ushauri maalumu kwake. Hapa kwetu mtu bila cheo ni kama hajaamka. Tuna Mwalimu, Daktari, Pasta, Mheshimiwa, na kila kimoja kina gharama yake: cheti, chuo, waumini, kura. "Mwandishi" ndicho cheo pekee ambacho mtu anaweza kujipa Jumatatu asubuhi na kufikia jioni anasalimiwa nacho pale Makutano: "Muga, mwandishi!" Kama hicho ndicho unachokitaka, tafadhali usiandike. Kuandika kutaharibu kila kitu. Nunua kalamu nzuri, ining'inize mfukoni, na ukiulizwa sema, "Namalizia mswada." Neno hilo *namalizia* lina nguvu za ajabu. Namfahamu bwana mmoja ambaye limemlisha tangu enzi za Kibaki.

Ndege wa alfajiri

Ukiwa umekataa ushauri huo na kuamua kuandika, utakutana na jua.

Sisi tulifundishwa Kiswahili na mtihani. Katika insha zetu kila jambo hutokea alfajiri. Jua huchomoza, ndege hutumbuiza, umande humetameta. Kukiwa na hatari, kijasho chembamba hutiririka. Mtu akilia, machozi humtoka njia mbili mbili. Mlango haugongwi tu, hugongwa ngo! ngo! ngo! Na mwalimu huandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Hongera, lugha tamu." Mimi mwenyewe naandika hongera hizo na nitaendelea kuziandika, maana mtahini anazitaka na mtoto wa watu anataka alama. Lakini mtihani uliisha, ndugu yangu. Una miaka hamsini.

Kijana mmoja wa Maua aliniletea riwaya ya mauaji yaliyotokea mjini New York, mji ambao hajaukanyaga. Watu watano wanauawa, wote alfajiri, na kila mara ndege wanatumbuiza. Polisi wangeanza kwa kuwahoji ndege. Nilimuuliza kwa nini asiwaulie watu wake Maua, ambako anajua nani hufungua duka saa ngapi na mlevi gani hulala kwenye veranda ya benki. Akasema Maua haina hadhi ya riwaya. Hapo nilinyamaza. Ni jambo ambalo tumefundishana vizuri mno, na halifutiki kwa chai moja.

Dawa yake niliiona mahali nisipotarajia, sokoni Embu. Kuna mama ninayenunua mboga kwake, na ana daftari la madeni, lile la jalada gumu lenye mistari myekundu. Siku moja alikuwa anatafuta deni langu, akafunua ukurasa kwa kasi, nikaona upande wa pili umejaa maandishi. Upande wa kulia: sukumawiki 40, nyanya 60, jina la mteja, alama ya vema kwa aliyelipa. Upande wa kushoto, kwa kalamu ile ile, mistari mitatu minne kila siku. Nilimwomba ruhusa nisome mmoja. Ulisema hivi: *Wanaonidai salamu ni wengi. Ninaowadai pesa wanapitia ng'ambo ya barabara.* Mwingine ulikuwa juu ya askari wa kaunti aliyemnyang'anya mizani, kisha jioni akaja kununua vitunguu, na mama akampimia kwa mkono, vikazidi, kwa sababu mkono wake umezoea kutopunja.

Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Mama, kwa nini unaandika haya?"

"Mwalimu, mchana kutwa nasema bei. Usiku kichwa kimejaa yale ambayo sikusema. Nikiandika ndio nalala."

Nilimwambia yeye ni mwandishi. Akacheka, akasema anauza mboga, na nina deni la shilingi mia na kumi.

Mambo ya kutafuna

Utaambiwa kwamba fikra nzuri huja usiku, na kwamba usiku una msaidizi. Igembe na Tigania watakupa miraa. Mbeere watakupa muguka, ambao ni majani madogo, bei yake nafuu, kazi yake haraka. Mimi sihukumu zao la mkulima. Watoto wengi wa huku wamesomeshwa nalo. Nasema tu kwamba nimesoma sura zilizoandikwa kwa muguka. Sentensi moja hutoka Siakago hadi Kiritiri bila kushusha abiria.

Soko la miraa nalo halitabiriki, na kwa mwandishi hilo ni balaa la peke yake. Jamaa mmoja alikuwa na shujaa anayesafirisha miraa kwenda London. Mwaka 2014 Uingereza ikapiga marufuku, shujaa akakwama uwanja wa ndege na mzigo unanyauka. Mwandishi, mtu jasiri, akafuta London na kuandika Mogadishu. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga milango. Ilipofungua tena Julai 2022, shujaa alikuwa ameshageuzwa kuwa mfugaji wa nyuki, na mwandishi akakataa katakata kumrudisha.

Wageni walitangulia

Kabla hujasema kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya watu wetu, pita maktaba. Bernardo Bernardi, padri Mwitaliano, alichapisha mwaka 1959 kitabu juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, na kwenye jalada lenyewe akamwita nabii anayeshindwa. Mugwe hakupewa ukurasa wa kujibu. Mmarekani Jeffrey Fadiman aliketi na wazee wa Meru akinasa walichokumbuka, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1993 California. Ni kazi nzuri, nimeisoma kwa wivu. Lakini tazama mpangilio: mzee anasimulia, mgeni anakuwa mwandishi, na mjukuu wa mzee anakisoma kitabu hicho chuoni, kwa Kiingereza, ili apate kujua babu yake alisema nini.

Upande wa Embu kuna waliofanya wenyewe. H.S.K. Mwaniki alizunguka akiwauliza wazee, akatoa historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973, na mwaka uliofuata masimulizi yenyewe ya wazee katika *Embu Historical Texts*. Historia ile ya kwanza inakoma mwaka 1906, mwaka ambao Waingereza waliishinda Embu kwa bunduki. Ciarunji Chesaina naye akakusanya fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, ikatoka mwaka 1997. Hawa hawakuandika ili waitwe. Waliona mashahidi wanaondoka mmoja mmoja. Katika sababu zote za kuandika hii ndiyo ninayoivulia kofia, na ndiyo isiyompa mtu usingizi, kwa sababu shahidi hangoji likizo ya Agosti.

Kama nyanya yako bado anasimulia, nenda leo. Chukua simu, inarekodi. Ila usimrekebishe. Niliwahi kuletewa hadithi ya fisi wa Tharaka ambaye mjukuu aliyesoma alimgeuza kuwa mbunge. Nyanya alipotajiwa alisema fisi wake alikuwa na akili kuliko huyo.

Masharti ya Nguo Ntune

Sasa mswada umekwisha na unautuma kwa mchapishaji. Hapa inabidi turudi nyuma sana.

Wameru husimulia kwamba zamani waliishi Mbwaa, kando ya bahari, mahali ambapo wengine wanapahusisha na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, ambao walipotaka kuwamaliza waliwapa masharti yasiyowezekana. Leteni ndama anayekunya nyeupe. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na chini. Toeni tunda lililotumbukia kwenye shimo refu. Fueni mkuki unaofika mawinguni. Wazee hawakukosa akili: lile shimo walilijaza maji, tunda likaelea lenyewe. Lakini mkuki wa mawinguni uliwashinda, na usiku wakatoroka nyuma ya kiongozi wao, Koomenjwe, na maji ya bahari yakawapisha.

Nayataja haya, kwanza, ili mtu wa pwani akikwambia Kiswahili chako ni cha bara, umjibu kwa upole kwamba mliondoka huko kwa sababu za usalama. Pili, kwa sababu barua ya mchapishaji utaisoma na kudhani umeshawahi kuisikia. Kitabu kiwe cha watu wote lakini kifae Gredi ya Nne. Kiwe na mafunzo lakini kisihubiri. Kiguse siasa bila kumgusa mwanasiasa. Kiwe na masuala ibuka: mazingira, jinsia, ufisadi, mihadarati, ikiwezekana yote katika sura ya pili. Kipunguzwe, na kurasa ziongezwe.

Usimchukie mhariri. Yeye naye ana Nguo Ntune wake. Uchapishaji wa Kenya hula na kulala shuleni. Tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, na duka la vitabu la mjini, lililokuwa likiishi kwa Januari moja, sasa linauza sare, mabegi na kadi za harusi. Tangu 2013 kitabu kinatozwa VAT ya asilimia 16. Riwaya ya mtu mzima anayejisomea tu kwa raha yake, asiyetahiniwa na yeyote, mhariri ataipenda nyumbani kwake Jumapili. Jumatatu atakuandikia barua ya ndama.

River Road

Ukishindwa na mkuki, utatoroka. Watu wetu hutorokea River Road, Nairobi, kwa wapiga chapa. Watakuuliza unataka nakala ngapi. Utataka mia mbili, utaonyeshwa kwamba ukichukua elfu moja kila nakala inashuka bei sana, na wewe, ambaye ulikosa alama ya hesabu kwa ajili ya insha, utachukua elfu moja. Nambari ya ISBN utaipata Maktaba ya Kitaifa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi na ndiyo utakayojivunia kuliko zote. Kisha maboksi yatashuka kwenye stendi ya Meru, utayapakia kwenye bodaboda mawili mawili, na utajua kwa mara ya kwanza kwamba fasihi ina uzito. Chini ya kitanda huingia maboksi kumi na mawili hivi. Mengine yatakuwa meza ya televisheni.

Kagua gundi kabla ya kulipa. Chukua nakala moja, ifungue katikati, ikandamize kwa nguvu mezani. Ikilia *kra*, ukurasa utakaoanguka kwanza utakuwa ule wenye jambo lenyewe.

Nisieleweke vibaya: wako waliojichapisha na mlima ukawajua. Ng'ambo ya Mlima Kenya, Karatina, Gakaara wa Wanjau aliandika na kupiga chapa Gĩkũyũ chake mwenyewe. Wakati wa Hali ya Hatari alifungwa kizuizini, akaweka kumbukumbu za huko, na kitabu kilichotokana nazo kikatwaa Tuzo ya Noma mwaka 1984. Na Tharaka imetupa Kithaka wa Mberia, mtaalamu wa isimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mashairi na tamthilia zake zimetoka kwa Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe: *Natala* na *Mchezo wa Karata* mwaka 1997, *Kifo Kisimani* mwaka 2001. Hakungoja kibali cha mtu ili aandike mashairi huru wakati walinzi wa vina na mizani walikuwa wamekaa langoni. Watu wengi humtaja wanapotaka kuniambia kwamba mhariri hana maana. Wanaiga nusu ya pili ya habari yake, ile ya kampuni. Nusu ya kwanza, ya kuandika, kufuta, na kuandika tena hadi mstari usimame wenyewe, wanaona ilikuwa tabia yake binafsi.

Uzinduzi

Fupi: usikodi ukumbi mkubwa. Mheshimiwa atachelewa saa tatu. Akifika atashika kitabu chako juu chini, atakisifu kwa kukuza maadili ya dini (ni riwaya ya talaka), ataahidi kununua nakala mia tano kwa ajili ya shule za wadi, na mshereheshaji ataomba makofi ya kilo. Ahadi hiyo usiiingize kwenye daftari. Mukimo utaisha kabla ya vitabu. Shangazi zako watachukua nakala mbili mbili kwa kuwa ni zako. Jambo moja la kweli litatokea siku hiyo: mtu usiyemjua, mara nyingi msichana wa shule aliyesimama nyuma, atalipa noti iliyokunjwa mara nne, na hatakuomba sahihi. Huyo mtazame vizuri, ndiye soko.

Kuhusu kukamatwa

Waandishi wapya wengi huniuliza, kwa sauti yenye tumaini fulani, kama wanaweza kufungwa. Nawarejesha kwa Gitobu Imanyara, wakili wa kutoka Imenti, aliyeanzisha jarida la *Nairobi Law Monthly* mwaka 1987. Lilichapisha hoja za sheria na za vyama vingi wakati ambapo neno hilo la vyama vingi lilitamkwa kwa kunong'ona. Mwaka 1990 serikali ikalipiga marufuku na yeye akatiwa ndani. Mwaka 1991 akakamatwa tena, na mwaka huo huo wachapishaji wa magazeti wa dunia wakamtunukia Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru. Afya yake iliumia gerezani. Hakuwa anatafuta sura ya kumalizia kitabu. Kwa hiyo kama mswada wako unahusu baba mdogo na mpaka, lala salama, atakayekujia ni baba mdogo.

Ukifika mbinguni

Mbingu ya mwandishi wa Kenya ni kitabu teule. Wizara ikikichagua, kila mtahiniwa wa nchi atakinunua au atanunuliwa, mwaka baada ya mwaka hadi zamu yake iishe. *Kifo Kisimani* kilifika huko. Wanafunzi wangu waliimba majina ya wahusika wake, Mwelusi na Bokono, hadi saa ya chakula cha mchana. Mrabaha, ambao aghalabu ni kati ya asilimia 10 na 15, ghafla unakuwa pesa ya kuonekana.

Lakini jua utakavyosomwa. Yale maneno uliyoyaandika saa nane za usiku, ukalia kidogo, yatatolewa kwenye ukurasa na kuwekwa ndani ya alama za kunukuu, na chini yake kutaandikwa: *Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)*. Uchungu wako utakuwa na hoja sita, na atakayetaja tano atakosa moja. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, baada ya wiki mbili za mbinu za lugha, "Mwalimu, huyu mwandishi alikuwa na hasira na sisi?"

Halafu utagundua jambo la mwisho, na hili hulijua vizuri wauza vitabu wa mitaani kuliko maprofesa. Kila kitabu teule huzaa miongozo: muhtasari, maudhui, wahusika, maswali na majibu, yote kwa kurasa chache na bei ndogo kuliko kitabu chenyewe. Mwanafunzi mwenye pesa ya kimoja hununua mwongozo. Aliyeuandika hakukosewa na mtu, hakukesha, hana nyanya, hakubeba boksi kwa bodaboda, wala hajawahi kuambiwa akunyishe ndama nyeupe. Alisoma kitabu chako mara moja Ijumaa, na Jumatatu alikuwa kwa mpiga chapa. Kama shida yako ni karo, fanya kazi hiyo. Anza na huu, una nafasi kubwa za pembeni.